Durga na silaha za kuazima

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa miaka mingi msemo huo ndio ulionijia kila nilipoona picha ya Durga, mungu wa kike wa Wahindu: mwanamke juu ya simba, mikono minane au kumi, na kila mkono umeshika kitu cha mtu. Mkuki wa ncha tatu ni wa mungu Shiva. Kisahani chenye makali ni cha mungu Vishnu. Upinde kapewa na Vayu, mungu wa upepo, radi na kengele ni za Indra, mfalme wa miungu, na simba mwenyewe katoka kwa Himavat, mungu wa milima ya Himalaya. Nikawa najiuliza, hata shujaa wa kike lazima akachukue silaha kwenye ghala la wanaume?

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeangalia picha bila kusoma hadithi.

Hadithi yenyewe imo katika Devi Mahatmya, utenzi wa Kisanskriti unaohesabiwa kuwa na beti 700, ambao wataalamu wengi huuweka karne ya 5 au ya 6. Jitu Mahisha, lenye umbo la nyati, lilikuwa limewapiga miungu na kuwafukuza mbinguni kwao. Utasikia wengi wakisimulia kwamba mungu Brahma alimwahidi hakuna mwanamume atakayemuua, naye kwa dharau hakuwahesabu wanawake. Kisa kitamu, lakini ni cha masimulizi ya baadaye. Kwenye Devi Mahatmya hakimo. Humo miungu wanakasirika tu, hasira yao inawatoka kama nuru, nuru inakusanyika mpaka inakuwa kama mlima unaowaka, na ndani yake anasimama mwanamke. Ndipo wanapoanza kumpa silaha. Kubera, mungu wa mali, anampa kikombe cha kilevi kisichokauka.

Hicho kikombe ndicho kilichoanza kunigeuza. Vita imepamba moto, Mahisha anajigeuza simba, mtu mwenye upanga, tembo, kisha nyati tena anayerusha milima kwa pembe. Durga anasimama, anakunywa. Macho yanakuwa mekundu, anacheka. Anamwambia: nguruma, mpumbavu we, nguruma wakati mimi nakunywa; nikishakuua hapa, watakaonguruma ni miungu. Halafu anaruka, anamkanyaga shingo, anamchoma mkuki, na jitu lilipokuwa nusu limechomoza kutoka kinywani mwa yule nyati, analikata kichwa. Mtu wa silaha za kuazima haringi hivyo.

Lakini jibu hasa liko mbele zaidi, katika vita ya majitu wawili ndugu, Shumbha na Nishumbha. Hawa wamesikia habari za uzuri wake, wakatuma mshenga. Akawajibu kwa upole wa kejeli kwamba zamani, kwa ujinga wake, aliweka nadhiri: atakayemwoa ni yule tu atakayemshinda vitani. Ndiyo vita anamotokea Kali, mungu mwingine wa kike, mweusi, kutoka kwenye paji la uso la mungu huyo lililokunjamana kwa hasira. Kuna jitu linaitwa Raktabija, ambalo kila tone la damu yake likigusa ardhi linazaa jitu jingine. Kali analinywa damu kabla haijadondoka. Miungu wengine wa kike nao wanakuja kusaidia.

Mwishoni amebaki Shumbha peke yake, ndugu yake amekufa. Anamfokea Durga: usijitape, wewe unapigana kwa nguvu za wenzako.

Niliposoma hapo nilicheka, kwa sababu Shumbha alikuwa anasema maneno yangu. Naye anajibiwa: ulimwenguni niko peke yangu, nani mwingine yupo zaidi yangu? Tazama, hizi ni nguvu zangu mwenyewe zinarudi ndani yangu. Wale wote wanaingia mwilini mwake, anabaki mmoja, anamuua.

Kwa hiyo msimamo wangu wa sasa ni huu: miungu hawakumwazima kitu. Walimrudishia. Utenzi wenyewe unamsifu kuwa ndiye aliyemo katika viumbe vyote kwa sura ya usingizi, ya njaa, ya kivuli, hata ya kukosea. Mwenye njaa ya dunia nzima hahitaji kuombewa radhi kwa sababu ya upinde.

Wabengali wa mashariki mwa India ndio walionifurahisha zaidi kwa walivyomchukua. Huko Kolkata, jiji lao kubwa, ambako sherehe yake ya Durga Puja iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021, huyo muuaji wa majitu ni binti aliyeolewa mbali, anayerudi kwa wazazi wake siku chache tu na watoto wake wanne. Mafundi wa mtaa wa Kumartuli wanamfinyanga kwa majani makavu na udongo, na macho huchorwa mwisho. Desturi inataka sehemu ya udongo huo itoke mlangoni kwa makahaba. Sababu zinazotolewa ni nyingi, mojawapo ikisema kwamba mwanamume anayeingia mle huiacha fadhila yake nje. Siku ya kumi wanawake walioolewa wanamlisha vitamu, wanampaka unga mwekundu, kisha anapelekwa mtoni Hooghly na kuzamishwa. Watu wanalia kweli. Mkuki bado uko kifuani mwa Mahisha, na yeye anaagwa kama bibi harusi.

Agosti 2024 daktari wa kike alibakwa na kuuawa kazini katika jiji hilohilo, na maelfu ya wanawake wakaingia barabarani usiku. Sherehe ilikuwa miezi miwili mbele. Wapo walioona vigumu kupiga ngoma mwaka ule, na siwalaumu.

Na wapo wasiopiga kabisa, mwaka wowote. Waasur, kabila dogo la jimbo la Jharkhand, India, na jirani zake, humhesabu Mahisha kuwa babu yao, na siku za sherehe kwao ni za msiba. Hapo utetezi wangu wote wa Durga unapungua sauti. Ushindi wa mmoja una kaburi la mwingine.

Huku kwetu wengi tunamjua kupitia Wagujarati wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, katika zile siku tisa za Navaratri. Wao humwita Amba, na hupenda kumpandisha chui milia badala ya simba. Usiku watu wanacheza ngoma iitwayo garba kwa duara, na kiasili kinachozungukwa ni chungu cha udongo chenye matundu, taa ikiwaka ndani. Neno garba linatokana na Kisanskriti, maana yake tumbo la uzazi. Upanga hauonekani. Vipo vijiti vya dandiya tu, ambavyo wengine husema ndizo panga zake, vikigongana mpaka usiku wa manane, na akina mama wa makamo ndio wa mwisho kuketi.