Ndoo ya Maji Hupanda Bei Kilimani

Mtaani kwetu Mwanza ndoo ya maji ina bei tatu. Ipo ya bombani, chini barabarani. Ipo ya katikati ya mlima. Na ipo ya juu kabisa kwenye mawe, ambako kijana wa ndoo hufika anahema, na unachomlipa hapo si maji tena, ni magoti yake. Sisi tunakaa katikati. Ziwa tunaliona lote kutoka mlangoni, linameremeta asubuhi mpaka jioni, na maji ya kunywa tunanunua.

Julai 2020 Benki ya Dunia ilipoiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini, baba yangu mdogo, fundi nyavu, aliuliza: "Hicho cha kati ni kati ya nani na nani?" Watu wakacheka. Mimi nilikwenda kutafuta takwimu.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 unasema umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4. Umeshuka, ndiyo, lakini sisi tuliongezeka kwa kasi kuliko ulivyoshuka, kwa hiyo vichwa vya maskini havikupungua. Mkoa wetu peke yake ulikuwa na watu 2,772,509 kwenye sensa ya 2012. Mwaka 2022 tukahesabiwa 3,699,872. Na kile kipimo cha pengo la walionacho na wasionacho, wanachokiita Gini, kilipanda kutoka 0.34 hadi 0.38 katika kipindi kilekile. Yaani keki ilikua, na kisu nacho kikazidi kupinda upande mmoja.

Mstari wenyewe wa umaskini ulichorwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawa kwa siku thelathini: 1,644. Anayetumia 1,700 amevuka, si maskini tena, apewe pongezi.

Mstari huo kwetu umepita katikati ya milango miwili. Mama mmoja ni mlengwa wa ule mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya hizo ruzuku ya pesa, ulioanza mwaka 2012. Jirani yake hayumo. Kisa, watu kwenye mkutano wa mtaa wa kuchagua walengwa walisema ana bati jipya. Bati alinunuliwa na mwanawe, na haliliki. Wakakaa muda mrefu bila kusalimiana, watu waliokuwa wakiazimana chumvi.

Huyu asiyemo anakaanga dagaa. Anayejua dagaa wa ziwa anajua kwamba wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inakaa ufukweni, na yeye anakaa nyumbani. Kwa hiyo kipato chake kinafuata mbalamwezi. Ukimkuta wiki za giza, ana mtaji, ana mafuta ya kukaangia, pengine na kipande cha sangara jikoni. Rudi siku kumi baadaye umkute anakopa unga kwa mangi. Sasa wewe mwenye dodoso, huyu utamwandika maskini au si maskini? Inategemea umekuja tarehe ngapi za mwezi, na nasema mwezi wa angani. Wastani wa mwaka utakuambia anajiweza. Watoto hawali wastani.

Sisemi ruzuku ifutwe, maana kuna watu hapa mjini wanaosema pesa ile inalemaza. Nimeona ilikokwenda: sare za shule, kuku wawili, deni la dukani. Aliyelemazwa nayo sijamwona. Ninachokasirikia ni sisi kugombana wenyewe kwa wenyewe, wa 1,600 na wa 1,700, wakati ukisimama kwenye mawe ya mtaa wa Bugarika ukitazama Capri Point, kule kwa wenye nacho, unaona pengo lenyewe liko wapi. Na si suala la vilima tu. Isamilo nako ni kilimani, ila kule barabara na bomba vilipanda pamoja na wenye nyumba.

(Tukiwa hapohapo: mfuko mkubwa wa misaada nchini ni mtoto aliyepata kazi. Tozo za miamala ya simu zilipokuja Julai 2021, yule wa bati alikuwa wa kwanza kuuliza kwa nini pesa ya mwanawe imefika imemegwa. Zilikuja kupunguzwa, lakini hajasahau.)

Kwangu mimi, bomba likifika juu ya mawe hiyo nayo ni ruzuku, tena isiyohitaji orodha wala mkutano wa kutajana majina. Haitauliza nani ana bati. Mlengwa na asiye mlengwa watapanga ndoo foleni moja, na ile tofauti ya bei kati ya barabarani na kileleni itabaki mfukoni mwa kila mmoja, kila siku, giza au mbalamwezi.

Nilimwambia hivyo kijana wetu wa ndoo, nikijua namtabiria kukosa kazi. Akatua ndoo, akajifuta jasho. Akasema kwao ni juu kabisa, kwenye lile jiwe kubwa, na ndoo za kwao huzipandisha usiku akishamaliza za wateja.