Usukani wa Gari Gani?

Jamani, huyo aliyesimama ufukweni hapa Matema, Ziwa Nyasa, mikono mfukoni, akasema "kaza nati tu, mzee", Mungu anamwona. Nati gani? Mashua ya tanga iliyokwisha kula chumvi nyingi kwenye maji yasiyo na chumvi, usukani wake, ule ubao wa nyuma unaoiongoza, ukianza kulegea, nati ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Mmoja ashike kana, yaani mkono wa kugeuzia usukani, mwingine aukamate usukani kwa chini auyumbishe kushoto na kulia. Kana ikicheza peke yake, tatizo ni bolti za kichwani mwa usukani. Usukani ukicheza ndani ya rumada, yale macho yanayobeba pini zake, matundu yamelika. Rumada zenyewe zikitikisika, mbao za shetri, yaani nyuma ya mashua, zimeoza kuzunguka bolti, na ukikaza hapo unaponda uozo.

Rumada zilizoachana sentimita 40 zikilegea milimita 2, ncha iliyo sentimita 80 chini yake inacheza sentimita nzima. Subiri upepo wa kusini mwezi wa saba, uliokimbia ziwa zaidi ya kilomita 500 bila kufunga breki. Utamkumbuka mshauri wako.

Basi unaung'oa usukani, unapanda gari hadi Mwanjelwa, Mbeya mjini, unajiweka sawa dukani kama mtu mwenye chombo.

"Naomba bushi ya usukani, tundu la milimita 12."

"Gari gani?"

"Si gari. Mashua."

"Noah?"

"Mashua! Ya majini!"

Anakutazama kwa huruma, anageukia ndani: "Kuna mzee hapa, gari yake imeingia maji." Mwenzake analeta ya Coaster. Inaingiliana, anasema. Kwao kila kitu kinaingiliana. Unajaribu lugha ya mabaharia: nataka ya rumada.

"Ramadhani katoka kula."

Rumada! "Ndiyo, akirudi utamwona. Ila leta sampo." Sampo ni ubao wa mita moja na nusu uliokuja juu ya keria kutoka Kyela chini ya mikungu ya ndizi, umelipiwa nauli kuliko wewe. Mkiuingiza dukani wateja wawili wanatoka. "Kumbe ni mlango," anasema. "Bawaba nenda duka la tatu."

Usicheke. Ni bawaba kweli.

Fundi wa kukereza atakupa nailoni nyeupe. Nailoni inakunywa maji, inavimba, inaikaba pini: ulikwenda na usukani uliolegea, unarudi na uliogoma. Omba asetali, plastiki ngumu isiyovimba hivyo, pini ya 12 kwa tundu la 12.2. Kama ni nailoni tu, 12.5. Pini ya chini izidi ya juu sentimita 2, la sivyo utalenga matundu mawili kwa pamoja mashua ikicheza ngoma. Na kipini kidogo cha kuizuia pini isiruke kutoka tunduni, tafadhali.

Matundu ya shetri yapanue, ondoa uozo, acha yakauke, jaza epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao, toboa upya kesho yake, weka pleti ndani. Ila epoksi nayo ina maringo: kwa baridi ya Uyole inalala siku mbili bila kukauka, kwa joto la Kyela inachemka koponi kabla hujashika brashi. Koroga kidogo kidogo.

Na kurudi sasa! Konda anauliza, "Mzee, huo mlango unashuka wapi?" Nimesema si... Halafu Tukuyu mvua, turubai limefunika ndizi tu, ubao unalowa, na hizo ndizi mwenyewe kashuka Uyole na chenji yangu.