Somo la Kwanza Limejaa, la Kumi Hakuna

Ingia YouTube utafute masomo ya programu kwa Kiswahili. Utapata watu kibao wa kukueleza HTML ni nini. Utapata Python ni nini, inapakuliwa wapi, na namna ya kuifanya iandike "Habari dunia". Somo la pili lipo. La tatu lipo pia, ila mwalimu anaonekana amechoka. La nne halipo. Kuna waliotuaga kwa "tukutane kipindi kijacho" miaka hiyo, na mpaka leo tunawasubiri.

Siwacheki. Mimi ni programa hapa Arusha, narekodi video, na sababu naijua. Kwa anayetegemea video za kawaida, si zile fupi za Shorts, YouTube hawaanzi kukugawia pesa ya matangazo mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Piga hesabu: saa 4,000 ni dakika 240,000. Video ya dakika kumi itazamwe yote, mwanzo mpaka mwisho, mara 24,000. Nani wa kukupa idadi hiyo? Ni yule anayeanza. Wanaoanza hawaishi, kila mwaka vyuo vinaingiza wapya, na wote wanapitia somo la kwanza. Somo la kumi linamtaka mtu aliyevumilia tisa, na hao unaweza kuwahesabu. Ukiifuata pesa utafundisha HTML ni nini mpaka uzeeke.

Ndiyo maana nasema tuache kufungua mlango uliokwisha funguliwa. Sisi tulioko kazini tayari turekodi katikati ya kazi, pale penye vurugu. Kwanza ndiko kwenye elimu ambayo haipo kwingine. Pili, na hili ndilo lililonishangaza, ndiko wanakopatikana watu wa kujenga nao jamii.

Sikuanza na ndoto ya kuwa mtu wa YouTube. Kazi yangu ni mifumo ya kampuni za utalii: mgeni anaomba safari, ofisi inapanga gari, dereva, hoteli, ada za hifadhi. Kila mwaka wanakuja vijana wa fildi, kutoka Chuo cha Ufundi, kutoka Uhasibu Njiro, na kila kundi huja na maswali yaleyale. Nikachoka kurudia. Nikawa narekodi kioo cha kompyuta huku naongea, nawatumia kwa WhatsApp. Siku moja video yangu mwenyewe ikanirudia kutoka kwa jamaa wa Mwanza asiyejua kwamba ile sauti ni yangu, akidhani itanisaidia. Ndipo nikaona bora zikae YouTube.

Video iliyoleta watu kuliko zote inahusu mlima. Kilimanjaro, usiku wa kileleni, wapandaji huondoka kambi ya Barafu au Kibo karibu na saa 6 usiku ili jua liwakute juu, Uhuru, mita 5,895. Kiongozi wa msafara atakwambia, "Tunatoka usiku wa kuamkia Jumapili," na kila mtu pale kambini ameelewa, kuanzia mpishi hadi mpagazi. Kompyuta haijui kuamkia. Inataka tarehe.

Sasa mfumo niliourithi ulikuwa unatunza muda wote kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, na sisi huku tuko saa tatu mbele ya UTC. Saa 6 usiku ya kuingia Jumapili hapa kwetu, kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza mfumo, bado ni Jumamosi saa 3 usiku. Ripoti inayochukua tarehe moja kwa moja kutoka kwenye seva inawaandikia wapagazi Jumamosi. Mgeni aliyeko Los Angeles naye ana balaa lake: JavaScript, lugha inayoendesha kurasa ndani ya kivinjari, ikipewa tarehe tupu, tuseme 2024-07-14, inaihesabu kuwa ni mwanzo wa siku hiyo kwa UTC, kwa hiyo kwenye kivinjari chake inasomeka tarehe 13. Ofisi ina karatasi inayosema Jumapili, mgeni anaona Jumamosi, na barua pepe za "naomba kuuliza" zinaanza kumiminika.

Nilianza kurekodi kabla sijajua tatizo liko wapi. Video ni ndefu. Kuna sehemu nimenyamaza nasoma. Kuna sehemu nasema "ngoja kwanza" halafu nafuta nilichoandika. Mhariri yeyote makini angekata nusu yake. Nikaiacha ilivyo, kwa sababu kijana wa fildi anapokwama huwa anadhani yeye peke yake ndiye anayekwama, na sisi tunaorekodi masomo safi ndio tuliomfundisha kudhani hivyo.

Kwenye video za HTML ni nini, watu huandika "asante mwalimu, barikiwa". Kwenye hii wakaanza kubishana. Dada mmoja wa Moshi akaandika: "Kaka, hiyo tarehe ya kupanda usiigeuze kwenda UTC kabisa. Si tukio lililokwisha kutokea, ni ahadi ya siku fulani huku kwetu. Itunze kama tarehe, saa iwe na safu yake, na jina la ukanda wa saa liandikwe pembeni, Africa/Dar_es_Salaam." Alikuwa sahihi, na suluhisho lake lilikuwa zuri kuliko langu. Mwingine akauliza je, karani akiingiza "saa 2" akimaanisha asubuhi, mfumo utajuaje kwamba ni 08:00? Akajibiwa na wa tatu, kwamba usimpe karani kisanduku cha kuandika, mpe orodha yenye asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha programu ijumlishe au ipunguze sita yenyewe kulingana na kipindi, na saa 8 usiku iangaliwe kwa jicho la pekee maana tarehe imeshageuka. Mimi wakati huo nilikuwa barabarani. Sikujibu hata moja.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Idadi ya wafuatiliaji inakwambia wangapi walibonyeza kitufe. Jamii ipo pale swali linapopata jibu na wewe mwenye chaneli haupo.

Eneo jingine lenye njaa ni malipo. Video nyingi nzuri za M-Pesa utakazozikuta zinafundisha Daraja, mfumo wa Safaricom ya Kenya wa kuunganisha programu yako na M-Pesa. Kijana wa Sakina, hapa Arusha, atazifuata hatua kwa hatua, namba zote zikianzia na 254, na mwishoni ndipo atagundua kuwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania ina mlango wake, OpenAPI, wenye taratibu nyingine kabisa. Huko ufunguo wako, yaani maandishi ya siri yanayoutambulisha mfumo wako, unausimba kwanza (unaufanya usisomeke) kwa ufunguo wa umma wanaokupa wenyewe, ndipo unaomba kitambulisho cha muda, na kitambulisho chenyewe kinaweza kuchukua sekunde kadhaa kabla hakijaanza kukubalika. Usiposubiri unakataliwa, unakesha ukitafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa. Ukishavuka hapo, mteja anaandika 0754 na mfumo unataka 255754. Sijaona chuo kinachofundisha hayo, na mtu wa California hana sababu ya kuyarekodi.

Vifaa nitavisemea kidogo tu, maana ndiko wengi wanakojificha ("nikinunua kamera nitaanza"). Kamera huihitaji. Anayekutazama yuko kwenye simu, ameshusha ubora mpaka 240 ili bando lisiishe, kwa hiyo uso wako ni ukungu tu. Anachohitaji ni fonti kubwa. Fungua video yako kwenye simu ndogo kwa ubora wa chini. Kama husomi msimbo wako mwenyewe, rudia. Cha pili ni sauti. Maiki ya kubana kwenye kola inatosha, ila masika ikianza, mvua juu ya bati haina huruma, na hata programu za kusafisha sauti huwa hazifui dafu. Rekodi mapema au lala. Cha tatu, kama unatumia OBS, programu ya bure ya kurekodi kioo, weka irekodi kwa MKV badala ya MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, faili la MP4 linaweza lisifunguke tena; la MKV linabaki na karibu yote uliyosema kabla ya hapo. Ukimaliza, OBS yenyewe inakugeuzia kuwa MP4.

Baada ya video ya mlima watu waliomba grupu la WhatsApp. Tulilifungua. Ndani ya muda mfupi likawa la salamu za asubuhi, picha za maua zenye aya, na bwana mmoja anayeuza vifaranga. Swali la maana likiulizwa saa 3, kufikia saa 4 limeshafunikwa. Simlaumu mwenye vifaranga, WhatsApp imetengenezwa kwa ajili ya kupiga soga. Siku hizi grupu ni la kutangaziana tu, maswali yanakwenda mahali yanapoweza kutafutwa tena, na Jumamosi moja moja tunakutana ana kwa ana, kila mtu na laptopu yake na tatizo lake la kweli. Wa Moshi wanapanda Costa wanakuja. Hakuna mada, hakuna mgeni rasmi, hakuna vyeti. (Kuna aliyeuliza posho. Hakurudi.) Sharti ni moja: ukisaidiwa, unarekodi dakika tano za tatizo lako na namna lilivyotatuliwa, kwa sauti yako. Wengi wanaona aibu mara ya kwanza. Wakishasikia mtu wa Tabora amepona kwa video yao, hawahitaji kubembelezwa.

Kuna wanaoniambia Kiswahili kinawafungia vijana kazi za nje. Hoja hii naiheshimu, lakini naona haishuki mpaka kwenye meza ya kazi. Nyaraka ni za Kiingereza, ujumbe wa kosa ni wa Kiingereza, msimbo nao ni wa Kiingereza, hakuna wa kuukwepa. Ila ofisi ninazozijua mjini hapa, mambo yakiharibika, watu wanafikiri na kubishana kwa Kiswahili. Ninachofanya ni kurekodi ubishi huo.

Pesa je? Chaneli yangu hainilishi, na sidhani kama video za kuhangaika na ukanda wa saa zitamlisha mtu. Zimeniletea kazi, hilo nakiri. Mwenye kampuni akikuona unatafuta kosa kwa utulivu mbele ya watu, anapata jibu ambalo wasifu wako haumpi. Kwa anayetaka matangazo yamlipe, somo la kwanza lipo pale pale.

Kinachonikera sasa ni kwamba video zetu zimejaa utalii kwa sababu waliokuja mwanzo ni watu wa utalii. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna SACCOS na vyama vya kahawa, na kuna watu wanaoandika mifumo yao kila siku. Mkopo wa riba ya salio linalopungua, mwanachama amelipa pungufu mwezi wa tatu, akaongeza mwezi wa nne, sasa deni lake ni shilingi ngapi leo? Sijaona mtu akilirekodi hilo kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka hesabu ikafunga. Mimi si mtu wa hesabu za mikopo. Kama wewe ndiye, njoo Jumamosi na huo mfumo unaokusumbua. Maiki ipo, na nauli ya kurudi Moshi tutachangishana.