Eti Mashine Imechakaa

Barua nimeisoma mara tatu hapa gatini Lamu. Mara ya nne nimemsomea punda aliyekuwa akingoja kupakiwa simiti. "Imechakaa kwa matumizi." Punda akainamisha sikio moja. Hata yeye ameona kuna jambo.

Mashine yenyewe ni ya boti, nguvu za farasi 15, haijafikisha mwaka. Waranti yake ni ya mwaka mzima, na muuzaji aliigonga kwa kidole mbele yangu: "Mzee, hapa ulale usingizi." Nami nikalala, mpaka asubuhi moja nimepakia abiria kumi wa Shela na kusi limeshaamka, nikageuka nyuma nikaona mashine haikojoi.

Asiyejua boti atacheka. Ule mchirizi wa maji unaoruka pembeni ya mashine ndio roho yetu sisi. Ukikatika, ujue maji ya kuipoza hayapiti, na ukiendelea utaichemsha kama pweza. Nikazima. Mama mmoja mwenye sinia la mahamri akaniuliza tumefika? Nikamwambia bado, ila tunapumzika. Tukapumzika mpaka tukakaribia mikoko ya Manda, wavuvi wakatuvuta.

Fundi alipofungua akanionyesha impela, kile kijigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Mabawa yamebaki matatu. Mengine yamekatika yakaziba njia, na gasketi, ule utando wa kuziba maungio ya injini, imeungua.

Nikaifunga magunia, boti ya watu mpaka Mokowe, halafu basi la Mombasa. Kondakta akaidai nauli kwa kuwa imekalia kiti. Nikalipa! Dukani wakaipiga picha, picha zikapelekwa kwa watengenezaji huko ng'ambo, nikangoja wiki sita jibu la watu ambao kusi hawalijui hata kwa jina.

Jibu ndilo hilo. Impela ni kitu cha kulika, waranti haikigusi. Gasketi imeungua kwa sababu ya impela, kwa hiyo nayo imo humo humo. Na tena, kijana wa dukani akaniambia kwenye simu, umebeba abiria.

"Ulitaka nibebe nini, mwanangu?"

"Mzee, waranti ya mwaka ni ya matembezi. Ya biashara ni fupi zaidi, imeandikwa ukurasa wa nyuma."

Ukurasa wa nyuma! Herufi zake ni kama mayai ya sisimizi.

"Na ulikuwa ukiisuuza kwa maji matamu kila ukirudi?"

Hapo alinichoma. Nyumbani kwangu mashine hiyo huoga kabla ya watoto. Naitumbukiza kwenye pipa, naiwasha, inakunywa maji matamu ya kununua dakika kumi, na mimi nafuata kwa ya kisima, yenye chumvi mpaka sabuni inagoma. Mke wangu ni shahidi, na ushahidi wake hauna heshima hata kidogo.

"Basi lete daftari la huduma lenye saini ya fundi."

Daftari lipo. Kurasa za mbele mwanangu amefanyia hesabu, za nyuma nimeandika madeni ya petroli.

Linaloniuma si pesa peke yake. Ni hilo neno. Mji huu majumba yake ya mawe yana karne na karne, kuta zimeliwa na chumvi hiyo hiyo, na mwaka 2001 UNESCO wakautia katika urithi wa dunia. Hakuna aliyeandika barua kuwa umechakaa kwa matumizi. Mashine yangu ya miezi minane ndiyo imekosa hata cheti.

Nimenunua impela na gasketi kwa pesa yangu, fundi amefunga, na jioni hii imekojoa vizuri, mchirizi umenyooka mpaka watoto wa gatini wameshangilia. Nimefika nayo begani. Mke wangu amesimama karibu na pipa, kata mkononi.

"Haya," akasema, "leo anaanza nani kuoga?"