Viti vinne si watu wanne

Nikitaja nyumbani kwamba wiki ijayo navuka kwenda Pemba na kindege cha kukodi, nikikirusha mwenyewe, simu haitulii. Huyu ana mtoto wa kumpeleka kwa bibi yake Wete. Yule ana dumu la mafuta ya nazi. Mwengine anasema ana kifurushi kidogo tu, na kifurushi chenyewe kikija kimebebwa na watu wawili. "Si kuna viti vinne?" wananiambia. "Na wewe uko peke yako."

Nawaandikia wao, na nawaandikia pia vijana wa Unguja na Pemba wanaoniuliza urubani unaanzia wapi. Kwangu mimi unaanzia hapo hapo, kwenye lile dumu la mafuta ya nazi.

Tupige hesabu pamoja. Cessna 172 ndiyo ndege ambayo wanafunzi wengi sana duniani wamejifunzia. Zimeundwa zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Toleo lake la R halitakiwi kuondoka likiwa na uzito unaozidi kilo 1,111. Tupu, bila mtu wala mafuta, lina takriban kilo 760. Zinabaki 350. Jaza matangi, na petroli peke yake inakula kama kilo 145. Zilizobaki ni 205, za watu na mizigo yao yote. Hao ni watu wazima wawili wa miili ya kawaida, mabegi, na pengine mtoto. Kiti cha nne kipo na mkanda wake upo, lakini siku ya matangi kamili hakina mwenyewe. Unaweza kupunguza mafuta ili umpakie mtu, lakini juu ya bahari mafuta ndiyo muda wako wa kufikiri, na mimi muda huo siuzi.

Ubaya wa uzito ni kwamba ndege haikatai pale pale. Njia ya kurukia ya uwanja wa Karume hapa Unguja, ule tuliouita Kisauni, ina urefu wa karibu kilomita tatu, na iko usawa wa bahari ambako hewa ni nzito na injini inashiba. Hata kindege kilichopakiwa kupita kiasi kitaondoka hapo, na rubani atajiona hodari. Mimi nilijifunza uwanja wa Wilson, Nairobi, kiasi cha mita 1,690 juu ya bahari. Kule mchana wa jua kali ndege hukimbia weee kabla ya kuinuka, na kila kilo ya ziada unaihisi mgongoni. Nashukuru nilianzia pale. Uwanja wetu mrefu unasamehe makosa mengi, na anayezoea kusamehewa siku moja ataipeleka tabia hiyo kwenye kiwanja kifupi.

Na hili la uzito sisi wa visiwani hatuna haja ya kuhadithiwa na mtu wa mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi. Hakuna mtaa usiokuwa na matanga. Kwa hiyo, wallahi, naumia ninapomsikia mtu aliyefiwa siku ile ananiambia, "Tia tu, ni kidogo."

Wanaotaka kujifunza, masharti si siri. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni umri wa miaka 17, cheti cha afya cha daraja la pili, na saa zisizopungua 40 za kuruka. Kati ya hizo, 10 uwe peke yako, na ndani yake iwemo safari moja ya kilomita 270 yenye kutua viwanja viwili tofauti. Wengi huhitaji saa zaidi ya 40, wala si aibu. Fedha ni nyingi, hilo silifichi.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni kikombe. Kabla ya kila safari unachukua kikombe kidogo cha plastiki, unakiingiza chini ya bawa, unasukuma, na petroli inashuka. Petroli ya ndege ni ya buluu hafifu. Unakiinua juani. Kama kuna maji, utayaona yamekaa chini, tone la mviringo lisilo na rangi, limetulia kama jicho la samaki. Unamwaga, unachota tena, mpaka kikombe kizima kiwe buluu. Kwenye unyevu wetu wa pwani, tangi lililolala nusu hufanya maji lenyewe usiku. Tone lile likifika kwenye injini wakati unanyanyuka juu ya nyumba za watu, injini huweza kuzima, na hakuna pembeni pa kuegesha. Mwalimu wangu hakuwahi kuniruhusu kuchota haraka. Alisimama nyuma yangu akitazama kikombe, hatazami saa.

Jengine la pwani: ndege zenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, kama 172 za zamani, huweza kufanya barafu ndani ya kabureta katika joto la nyuzi 28, kwa sababu hewa yetu ina maji na inapoa ghafla inapopita pale. Ukipunguza nguvu ya injini ili ushuke, washa kipasha joto cha kabureta kwanza.

Sasa mkondo wenyewe. Kutoka Nungwi hadi ncha ya kusini ya Pemba ni kama kilomita 50. Kindege hiki injini ikizima hakianguki kama jiwe. Kwa kila mita moja kinayoshuka kinakwenda mbele kama mita tisa. Ukiwa mita 1,500 juu, unazo kilomita 13 na ushei za kuteleza. Toa 13 upande wa Nungwi, toa 13 upande wa Pemba, na katikati kuna kipande ambacho hufiki kokote. Kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika saba. Panda mita 3,000, upepo ukiwa mtulivu, na kipande kile kinakaribia kufutika. Kwa hiyo mimi hupanda kwanza, hata kama ni kuzunguka juu ya Tumbatu, ndipo nivuke. Abiria huuliza kwa nini tunazunguka. Nawaambia.

Na jaketi okozi linavaliwa nchi kavu, si pale injini inapokohoa. Linavaliwa, halijazwi hewa. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta na kutua majini mbele ya pwani ya Ngazija, wakafa watu 125 kati ya 175. Baadhi yao walijaza majaketi wakiwa bado ndani, maji yakaingia, yakawabana darini wasiweze kuzamia mlangoni. Ndiyo maana abiria wangu huurudia mpangilio kwa sauti, mkubwa kwa mdogo: mkanda, mlango, nje, ndipo uvute kamba.

Nije kwenye harusi. Ilikuwa Novemba, vuli, Jumamosi, nikaha ya binamu yangu Chake Chake baada ya laasiri. Nilikuwa na shangazi yangu na mwanawe. Tulipofika juu ya Nungwi, upande wa Pemba wingu lilikuwa limeshuka hadi majini, jeusi, halina mlango. Nyuma yetu jua linawaka. Ami yangu, nahodha wa mashua kwa miaka thelathini, alikuwa akisema bahari ikifunga mbele angalia kama nyuma bado pako wazi. Nyuma palikuwa wazi. Nikageuza.

Shangazi hakusema neno mpaka tunatua. Nikaha ikafungwa bila sisi, tukavuka kesho yake kwa boti. Miezi mingi nilisikia kwamba niliogopa, na kwamba mvua yenyewe ilipita baada ya saa moja. Ni kweli ilipita. Mimi nisingekuwa na saa moja ya kuisubiri hewani.

Rubani wa shirika ana ofisi ya kumwambia leo usiruke. Sisi tunaoruka kwa mapenzi yetu hatuna mwajiri. Anayetusukuma ni mama, shangazi, binamu, watu tunaowapenda. Ndiyo maana nawaomba jamaa wa marubani: akisema leo hapana, msimuulize mara ya pili. Akisema kilo kumi, isiwe kumi na tano.

Siku hizi nakwenda na mizani uwanjani. Kumuuliza mwanamke mtu mzima uzito wake mbele ya watu ni jambo zito kwetu, na safari ya kwanza nilikosa pa kutazama. Mara ya mwisho shangazi alifika na mkoba wa halua na mkungu wa ndizi za mkono wa tusi. Sijafungua mdomo, akavua viatu, akapanda, akaisoma mwenyewe kwa sauti. Kisha akautazama ule mkungu, akamkabidhi dereva wa teksi arudi nao nyumbani.