Jambazi Kapigwa Risasi, Kaghani Shairi

Jumapili nilikuwa kwa shangazi, tunaangalia filamu ya Kimarekani iliyotiwa sauti za Kiswahili. Jambazi kapigwa risasi ya goti. Kakunja uso, kaanguka, kisha kwa sauti ya msoma taarifa ya habari: "Ewe mwana wa jike la mbwa!"

Shangazi akanigeukia. "Huyo anatukana au anaghani?"

Baadaye mwenzake akafungua begi la hela, akakuta magazeti matupu. "Yesu Kristo!" Shangazi, aliyekuwa anachambua mchele, akaitikia bila kuinua kichwa: "Milele, amina."

Nilicheka hadi machozi, ila hasira ikabaki. Jamani, goti limepasuka halafu mtu anasema "ewe"? Yalaa imekwenda wapi? "Mama nakufa" je?

Na hapo kwa mama ndipo panaponiuma. Kiswahili kimemtwisha mama kila kitu. Ukishtuka, mama yangu! Ukirukiwa na mafuta ya maandazi, mama wee! Shangazi ana miaka sabini na ushee, mama yake tulishamzika, lakini akijikwaa kidole ni huyo huyo anayeitwa. Sasa wewe igeuze "mamangu" iwe "mamako" mbele ya konda, uone kama utashuka salama kwenye hiyo daladala. Huna haja ya kutaja kiungo chochote, atamalizia mwenyewe kichwani. Mtoto wa darasa la pili anaijua tofauti hiyo, tena ameshachapwa kwa ajili yake. Halafu mtu analipwa kutafsiri, anatuletea jike la mbwa! Sisi mbwa tunamwita mtu mwenyewe, "mbwa wewe", tumemaliza. Ya mzazi wake yana maneno yake, na mtafsiri anayajua vizuri sana akiwa kwenye foleni ya magari.

Kila watu na pao, wala sibishi. Wakatoliki wa Quebec, kule Kanada, wakikasirika hutukana kwa tabernakulo, kalisi na hostia, vitu vitakatifu vya misa. Mtajie shangazi tabernakulo, atapiga goti. Waholanzi nao hukuombea kifua kikuu au taifodi. Mwambie mtu wa Buguruni "upate taifodi", atakuuliza umejuaje.

Waturuki wakishangaa husema "Allah Allah!" Sisi kwenye tamthilia zao zilizotiwa Kiswahili tunapewa "Mungu, Mungu!", wakati "Lahaula!" ipo Pwani miaka yote, haijafa.

Haya, najua. Luninga ina masharti, watoto wako macho, na sauti lazima ilingane na midomo ya mwigizaji. Nakubali, shingo upande. Lakini mshenzi, baradhuli na hayawani wamefukuzwa lini hewani?

Mwishoni nyumba ya shujaa ikateketea yote, mke na mtoto wamo ndani. Akasimama barabarani, akasema: "Oo, hapana."

Shangazi akasubiri. Hakuna kilichofuata.

"Basi?" akauliza, akachukua ungo wake akaenda jikoni.