Kiingereza cha Nyumbani: Mtoto Anaongea na Nani Mchana Kutwa?

Wazazi wa Dar es Salaam wanaoongea Kiingereza na watoto wao nyumbani wanasemwa sana. Mtaani wanaambiwa wanajidai wazungu. Kwenye harusi na misiba mashangazi huwacheka waziwazi pale mtoto anapoamkiwa akabaki anatoa macho. Mimi nami tabia hiyo siipendi, ila naona wanalaumiwa kwa kosa ambalo si lao, na lile lililo lao hasa linapita bila mtu kuligusa.

Tuanze na hofu yao, maana ina msingi. Tangu 1967 shule za msingi za serikali, hizi tunazoziita za Kayumba, zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto anasoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa lugha anayoitumia hata ndotoni, halafu anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo, ukiacha Kiswahili chenyewe, limegeuka Kiingereza. Aliyeielewa vizuri mada ya mimea akiwa shule ya msingi anakaa sekondari ananakili ubaoni sentensi asizozijua. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema hili miaka na miaka: kufundishia kwa Kiingereza wasichokijua hakuwapi wanafunzi Kiingereza, kunawanyima somo. Sera ya elimu ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Kidato cha kwanza kiko palepale.

Mzazi aliyepita mlango huo mwenyewe, akakariri majibu ya baiolojia bila kujua yanasema nini, ukimwambia amwache mwanawe naye akagonge kichwa hapohapo kwa ajili ya uzalendo, atakusikiliza kwa heshima zote na kesho yake atakwenda kulipa ada ya shule ya Kiingereza. Ningekuwa na uwezo huo ningelipa pia.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba lugha mbili zinamchanganya mtoto. Hii haina haja ya kutupotezea muda. Mwaka 1913 Mfaransa Jules Ronjat alichapisha kitabu kuhusu mwanawe Louis, ambaye baba alimsemesha Kifaransa na mama Kijerumani; mtoto alizimudu zote. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba ukihesabu maneno ya mtoto wa namna hiyo katika lugha moja tu anaweza kuonekana yuko nyuma, lakini ukijumlisha ya lugha zote mbili kwa kawaida yuko sawa na wenzake. Mtoto wa miaka mitatu akisema “Dada, nataka juice ile ya red”, hajachanganyikiwa, anatumia alichonacho. Anayechelewa kweli, kwa mfano amefika miaka miwili na hajaunganisha hata maneno mawili, apelekwe akapimwe masikio na aonwe na wataalamu. Kumnyang'anya lugha moja hakumsaidii, ingawa ushauri huo bado unatolewa mjini kwa kujiamini sana. Na sisi kuogopa lugha mbili ni ajabu: bibi zetu wa Moshi na Bukoba waliongea Kichaga na Kihaya nyumbani, sokoni wakaongea Kiswahili, na hakuna aliyewaonea huruma. (Jinsi Kichaga kilivyotoweka kwenye nyumba za Dar hatukukifanyia kelele hizi. Hilo tuliache kwa leo.)

Sasa ingia nyumba ya kawaida ya wafanyakazi wawili, Tabata au Kimara. Baba na mama wanatoka kabla ya jua kuchomoza ili kuwahi foleni, wanarudi saa mbili usiku. Mtoto anashinda na dada wa kazi, msichana aliyetoka Singida baada ya kumaliza darasa la saba. Dada ameagizwa asimsemeshe mtoto Kiswahili, asije akamharibu. Kiingereza chake hakizidi maneno kumi, basi anayatumia hayo: “Baby, come. Eat.” Halafu kimya. Anaosha vyombo kimya, anaanua nguo kimya, na mtoto yuko sebuleni na katuni za Kimarekani. Msichana huyo ana vitendawili, ana hadithi za sungura na fisi, na ukimgusia tamthilia ya Kituruki ya jana usiku atakusimulia mpaka chai ipoe. Kwa mtoto anayemlea amegeuzwa bubu.

Usiku baba anafika. “Sit down. Finish your food. Who did this? Say sorry.” Ukitega sikio kwenye nyumba nyingi za aina hii utaona Kiingereza chake ni cha amri na makaripio. Baba huyohuyo akipigiwa simu na rafiki yake anageuka mtu mwingine: anatania, anaapa, anasimulia ajali ya Ubungo toka mwanzo hadi mwisho huku mkono ukionyesha daladala ilivyoyumba. Mtoto anamtazama. Utamu wote huo hauji upande wake.

Kosa ninalolisema ni hilo. Tatizo si kwamba mtoto kapewa lugha ya kigeni. Kapunguziwa mazungumzo. Mtoto mdogo anajifunza lugha kwa kujibiwa: anauliza kwa nini, anajibiwa, anauliza kwa nini tena mpaka mtu mzima achoke. Televisheni haichoki, lakini pia haimjibu.

Zipo nyumba zisizo hivyo, na haki yao tuwape. Mama aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, anayetania na kugomba kwa Kiingereza, mwanawe anapata lugha nzima, yenye vichekesho na hasira zake. Kumlazimisha mama huyo aongee na mtoto Kiswahili cha kuungaunga ni kosa lilelile, limegeuzwa tu. Na akiulizwa Kiswahili cha mtoto kitatoka wapi, ana jibu: mtaani. Utafiti unamsaidia. Mwaka 2007 mtafiti wa lugha za watoto Annick De Houwer alitoa matokeo ya familia karibu 1,900 za Flanders, Ubelgiji, ambamo mzazi mmoja au wote wawili wanaongea lugha nyingine zaidi ya Kiholanzi au badala yake. Kiholanzi, lugha ya mazingira yale, watoto walikiongea karibu wote. Iliyopotea ni ile nyingine ya nyumbani, kwa takriban robo ya familia. Ukifuata hesabu hiyo, Dar es Salaam lugha ya kulindwa ndani ya nyumba ni Kiingereza, na Kiswahili kitajitegemea.

Sawa, ila inategemea geti. Mtoto wa Manzese yuko nje tangu asubuhi, anacheza kombolela, anagombania mpira, anatumwa dukani kwa Mangi. Wa Mbezi Beach yuko ndani ya ukuta, basi la shule linamchukulia mlangoni na kumrudisha mlangoni. Kwake hakuna mtaa wa kumfundisha chochote. Ndiyo unamsikia anauliza: “Mama, viatu yangu iko wapi?” Mwenzake wa Manzese, umri huohuo, anasema viatu vyangu viko wapi, na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha ngeli. Zimeingia kwa kusikia na kwa kuchekwa na wenzake akikosea. Nairobi wako mbele yetu katika hili, na wapo vijana wazima kule wanaoiogopa insha ya Kiswahili kuliko hesabu.

Halafu kuna kusoma, ambako watu wengi hawakufikirii. Kiswahili kinasomeka kilivyoandikwa. Mtoto akishazishika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, anaanza kujisomea vibao vya maduka akiwa dirishani mwa daladala. Kiingereza kinamdai akariri herufi zisizotamkwa na irabu zinazobadilika kutoka neno hadi neno. Kwa hiyo hata mwenye mtoto shule ya Kiingereza namshauri amfundishe kusoma kwa Kiswahili nyumbani. Akishajua jinsi herufi inavyoshikana na sauti, ujuzi huo atakwenda nao kwenye lugha nyingine. Vitabu vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kuvitoa tangu 1991, wachapishaji Mkuki na Nyota nao wanavyo, na wanaotaka katuni za Kiswahili wana Ubongo, wanaozitengeneza hapahapa Dar. Si vingi kama vya Kiingereza. Mtoto anayependa kusomewa atavimaliza mapema na kudai virudiwe.

Ningekuwa na sauti kwenye nyumba ile ya Tabata, ningeanza kwa kumruhusu dada aongee. Haigharimu hata shilingi na inampa mtoto saa nyingi za mazungumzo kila siku. Kiingereza cha wazazi ningekihamishia kwenye kitabu kimoja kabla ya kulala, siku zinazowezekana, na maswali na vicheko vyake. Kuhusu makaripio, karipia kwa lugha yoyote.

Nitaambiwa mtoto huyo ataingia chekechea ya Kiingereza hajui kitu, atanyamaza na mwalimu atamwona mzito. Kunyamaza atanyamaza, wiki kadhaa au hata miezi. Watoto wengi wakiingizwa kwenye lugha mpya husikiliza kwanza. La kumuuliza mwalimu ni kama anafuata maelekezo na kama anacheza na wenzake. Kinachonitatiza ni shule zinazomfanyia mtoto wa miaka minne usaili kwa Kiingereza kabla ya kumpokea. Huko ushauri wangu unaweza kumkosesha nafasi, na sina namna ya kulipamba hilo. Mimi ningetafuta shule nyingine. Mzazi ambaye karibu na kwake iko hiyo moja tu anaweza kuamua vingine, na sitamlaumu.